Tableti Nne kwa Watoto Thelathini na Wanane

Mtanisamehe kwa mwandiko huu. Darasa la nane ndiko nilikofika, na herufi zangu tangu zamani huinama upande mmoja kama zinasukumwa na mtu. Tahajia nayo ni ya kubahatisha. Mkiona neno limepungukiwa na herufi, litieni wenyewe. Naandika polepole. Ukurasa mmoja unanichukua asubuhi nzima, kwa hivyo mjue kila kilichomo humu nimekikusudia.

Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na saba. Watu wakisikia hucheka, lakini sina neno jingine. Mradi umefungwa, kadi ya shingoni nimeirudisha, na juzi nimesikia unafunguliwa mradi mwingine wa jambo lilelile, wenye ofisi mpya Diani na vijana wapya. Nyinyi ndio ninaowaandikia. Mambo ya vyeo na mshahara sitayagusa. Vyeo sikuwa navyo, na mshahara mtauona wenyewe mwisho wa mwezi, msishtuke.

Kazi yetu ilikuwa utafiti. Swali lake, kama nilivyoelezwa siku ya kwanza, lilikuwa hili: mtoto akifundishwa kwa video, kwa sauti na picha zinazokwenda, huelewa zaidi kuliko akifundishwa kwa ubao na chaki? Swali zuri. Mimi mwenyewe ningependa kujua jibu lake. Miaka minane imepita na bado ningependa.

Nilianza kwa kufagia. Ofisi ilikuwa Ukunda, juu ya duka la magodoro, nami nilikuwa nimetoka kwetu Jego kuja kukaa na shangazi. Nilikuwa na haya mno. Mtu akinisalimu ghafla nilimwitikia nikiutazama ufagio. Siku ya tatu mzazi mmoja wa kule juu, upande wa nyika, alipiga simu akalalamika kwa Kiduruma kitupu, na ofisini hapakuwa na hata mmoja aliyemwelewa. Simu ilipita mkono kwa mkono kama sahani ya moto. Mwisho niliipokea mimi, kwa kuwa mama yangu ni Mduruma, na pia kwa kuwa nilitaka kelele iishe nimalize kufagia.

Nilipoikata, fundi wa ofisi, Mutiso, alikuwa amenikodolea macho.

"Wee msichana, hii lugha unaijua?"

"Naijua kidogo."

"Kidogo gani, na mmeongea nusu saa?"

Jumatatu iliyofuata nilikuwa ndani ya gari la mradi, fomu mapajani, nikienda shuleni kuwa mkalimani na mhesabu wa vifaa. Hakuna aliyeniuliza kama nataka. Nilitaka, lakini hawakuuliza.

Mutiso ndiye aliyenifundisha kazi. Alitoka Machakos akaja pwani kutengeneza televisheni za hoteli. Hoteli ilipofungwa akaingia kwenye mradi akiwa fundi na dereva. Redioni wanasema vishikwambi. Sisi tulisema tableti, na kila shule ilipewa thelathini ndani ya sanduku la chuma, pamoja na hedifoni thelathini na paneli moja ya jua. Mutiso alinionyesha kuzipangusa kwa kipande cha kanga kuukuu, kikavu, siyo kile kitambaa cha maji tulicholetewa kutoka makao makuu. Alinifundisha kupapasa mgongo wa tableti kwa kidole gumba: ukiona umevimba, itoe upesi, betri inataka kupasuka. Namba aliziandika kwa rangi ya kucha ndani ya kifuniko, kwa sababu vibandiko vya ofisi vilibanduka kwa joto kabla hatujafika Msambweni.

"Mtu akikuambia imejaa chaji, usimwamini," alikuwa akisema. "Washa uone. Halafu andika kile umeona, si kile unafikiria."

Hilo la mwisho nililisikia vizuri kabisa. Kulifanya ndiko kulikonishinda, na ndiyo sababu ya barua hii.

Kwanza niwaeleze yaliyotuchosha, maana mtakutana nayo. Hedifoni zilitengenezwa na mtu ambaye hajapata kumwona msichana aliyevaa ushungi. Ukizivika juu ya ushungi zinateleza, na ukimwambia mtoto avue, mama yake atakuwa shuleni kesho yake, na atakuwa na haki. Niliripoti. Nikajibiwa kwamba jambo hilo limepokelewa. Mwaka wa pili nikaripoti tena. Likapokelewa tena.

Kulikuwa na video ya kunawa mikono, ambamo mama mmoja mzuri anafungua bomba, anapaka sabuni, anaimba, na maji yanaendelea kumwagika muda wote. Kule nyikani maji hufuatwa mbali kwa punda. Tulipowauliza wamejifunza nini, mtoto mmoja akasema, "Yule mama hana wa kumgomba?" Fomu yangu iliuliza: Je, wanafunzi walivutiwa na video? Ndiyo au Hapana. Nikatia alama kwenye Ndiyo. Walivutiwa sana.

Mbuzi walitafuna nyaya za kuchajia. Tableti zenyewe kila baada ya miezi kadhaa ziligoma, zikidai zisasishwe kwa mtandao, mahali ambapo ukitaka kupiga simu lazima upande kichuguu. Nilizirudisha Ukunda sanduku zima, zikasasishwa, nikazipeleka, na wiki ileile zikadai tena. Basi. Nikianza kuyahesabu haya karatasi haitatosha.

Shule ninayotaka kuwasimulia nitaiita Shule ya Juu. Jina lake silo hilo. Iko mbali na barabara ya lami, Waislamu na Wakristo pamoja, watoto wa wafugaji na wakulima. Mwalimu wa gredi ya tano alikuwa Mwalimu Mwanamisi, mama wa makamo, mnene, mpole, mwenye sauti ya kuweza kuita ng'ombe. Hakuwa ameajiriwa na serikali. Wazazi ndio waliomweka, na kwa miaka mingi alikuwa akiomba kazi ya kudumu na kusubiri kuitwa. Kila nilipofika aliniuliza, "Mishi mwanangu, huko mjini hujasikia majina yakitoka?" Nami kila mara sikuwa nimesikia.

Paneli ya shule hiyo iligongwa na ng'ombe aliyekuwa akijikuna. Tangu siku hiyo iliweza kuchaji tableti nne tu kwa siku. Tuliomba nyingine. Ofisi ilisema paneli zimo katika mpango wa mwaka ujao. Watoto walikuwa thelathini na wanane.

Wiki iliyofuata nilipofika nilisikia sauti ya video tangu nje. Nikachungulia. Mwalimu Mwanamisi alikuwa ameazima sufuria kubwa ya jikoni, akaisimamisha kwa ubavu juu ya meza, na tableti moja ikaegemezwa ndani yake, ili sauti ivume ifike nyuma. Safu ya mbele ndiyo iliyoona picha. Baada ya dakika moja hivi alisimamisha video, na safu ya mbele ikageuka kuwaeleza wa nyuma walichokiona. Wa nyuma waliuliza maswali, na walikuwa wakali: rangi gani, kubwa kiasi gani, mnasema kweli au mnatutania? Halafu msichana aitwaye Mbeyu alisimama akasema yote kwa Kiduruma, na darasa likaitikia pale walipokubali na kumkatiza pale walipokataa. Kisha safu zikabadilishana, video ikarudishwa nyuma, wakaanza tena. Tableti moja ikiisha chaji, inaingia ya pili.

"Hii umeitoa wapi, Mwalimu?" nilimuuliza.

"Chuoni," alisema. "Sisi tulisoma watoto ishirini kwa msahafu mmoja. Mmoja asoma, wengine wamsikiliza na kumsahihisha. Kwani wewe hukusoma hivyo?"

Nilisoma hivyo. Sote tulisoma hivyo. Video ya dakika kumi iliwachukua siku mbili, na mwisho wake hata yule anayesinzia dirishani aliweza kuisimulia.

Sasa fomu. Ilikuwa na kisanduku: Idadi ya wanafunzi wanaotumia. Na maelekezo yake yalisema mtumiaji ni mwanafunzi aliyeshika tableti mkononi na kuvaa hedifoni. Nilitazama darasa. Aliyeshika hayuko. Aliyevaa hayuko. Kwa maelekezo hayo jibu ni sifuri. Nilimfuata Mutiso garini.

"Andika nne," alisema. "Moja ya kila tableti. Sifuri watatufukuza."

Nikaandika nne. Chini kabisa kulikuwa na mistari mitatu, imeandikwa Maoni. Ningeweza kueleza pale sufuria, na safu, na Mbeyu. Nilishika kalamu. Nikafikiria sentensi, nikafikiria makosa yangu ya tahajia, na watu wenye digrii wakiyasoma Nairobi. Nikaandika: Hakuna.

Nilifanya hivyo kila wiki, mwaka mzima. Nne. Hakuna. Nne. Hakuna.

Mwisho wa mwaka watoto wa shule zote za mradi walipewa mtihani uleule. Shule ya Juu ilizishinda zote. Ofisini walifurahi kwa siku mbili hivi, hadi walipofungua kumbukumbu za tableti zenyewe, maana kila tableti hurekodi imewashwa lini na kwa muda gani. Katika Shule ya Juu ishirini na sita hazikuwa zimewashwa kabisa. Basi watoto wamejifunza wapi? Wenye kompyuta wakapata jibu bila kutoka kwenye viti vyao: mwalimu amewapa majibu ya mtihani.

Niliitwa chumba cha mkutano. Daktari, mkuu wa utafiti, alikuwa ameshuka kutoka Nairobi. Ni mama mwenye heshima zake, sitamsema vibaya. Mbele yake kulikuwa na barua iliyokwisha kupigwa chapa, ya kupelekwa ofisi ya elimu. Niliisoma juu chini nikiwa nimesimama upande wa pili wa meza. Ilikuwa na jina la Mwanamisi na neno udanganyifu. Mwalimu aliyeandikiwa hivyo hatasikia jina lake likitoka, si mwaka ule wala mwingine.

"Mishi, wewe ndiwe unayekwenda shule hii kila wiki?"

"Ndiyo, Daktari."

"Na hukuona kitu?"

Nilifungua mdomo. Alikuwa tayari amezitandaza fomu zangu mezani, moja moja, kama mtu anayepanga karata.

"Maoni: Hakuna. Maoni: Hakuna. Maoni: Hakuna." Akaniangalia juu ya miwani. "Mwaka mzima, Mishi?"

Nilitaka kusema yote. Yalikuwapo kifuani, kwa Kiduruma na kwa Kidigo na kwa Kiswahili, yakisukumana mlangoni. Kilichotoka ni hiki: "Twende tukaone."

"Tukaone nini?"

"Daktari, nakuomba. Kabla ya barua. Twende tu."

Aliitazama saa yake, akamtazama Mutiso. Mutiso akasema, "Gari iko na mafuta." Nadhani ndicho kilichotuokoa.

Kosa lililofuata nalo ni letu, watu wa huku. Ofisi ilimpigia simu mwalimu mkuu kumwarifu kwamba Daktari anakuja. Na sisi mgeni akija hatumwonyeshi nyumba ilivyo siku zote. Tunatandika lile shuka ambalo halilaliwi. Mwalimu mkuu alijua wageni hawa wanapenda nini, kwani kilikuwa kimeandikwa katika kijitabu cha mradi, chenye picha. Tulipoingia darasani, watoto walikuwa wamekaa safu zilizonyooka, kila mmoja na tableti yake mapajani, wanane waliokosa wamefichwa stoo. Wasichana walikuwa wamezishikilia hedifoni kwa mkono mmoja juu ya ushungi zisianguke. Wote wameinama, wametulia, wanatazama vioo vyeusi. Zilikuwa zimezimika zote.

"Shikamoo, Daktari!" wakasema kwa pamoja.

"Marahaba." Daktari alimwinamia Mbeyu. "Unatazama nini?"

Mbeyu alikipitisha kidole juu ya kioo cheusi kwa adabu. "Natazama moyo."

"Moyo uko wapi?"

"Umepita sasa hivi."

Mutiso aligeuka akautazama ukuta, mabega yakimtikisika. Mwalimu Mwanamisi alisimama kando akitabasamu, kwani hakujua habari ya barua. Alidhani tumekuja kumpongeza. Daktari alijiinua taratibu. Alikuwa amekasirika kwa namna ya watu wasomi, wanaozidi kuwa wapole.

"Asanteni sana, watoto," alisema. "Mutiso, nimeona vya kutosha. Turudi."

Akaanza kwenda mlangoni. Hapo nikasikia mtu akisema kwa Kiduruma, kwa sauti kubwa, "Wekeni hivyo vitu chini! Kaeni kama siku zote!"

Nilikuwa mimi. Watoto walinitazama kama ubao umesema.

"Mishi mwanangu," Mwalimu Mwanamisi alininong'oneza, "mbele ya wageni? Na masufuria?"

"Na sufuria, Mwalimu. Leteni na wale walioko stoo."

Kwa bahati Mwalimu Mwanamisi alikuwa amezichaji zile nne jana yake, kwa mazoea, ila hazikuwa zimewashwa. Lakini mpishi alikataa kutoa sufuria. Sauti yake ilitufikia kutoka jikoni: "Lina maharagwe! Wageni watakula video?" Ikabidi lichukuliwe karai la saruji. Lilivuma vizuri kuliko hata sufuria.

Video ilikuwa ile ya moyo. Daktari alikaa kwenye dawati la mtoto, magoti yakimgusa kidevu, nami nikachutama pembeni yake nikamtafsiria. Safu ya mbele ikaona, ya nyuma ikauliza. Mbeyu, ambaye sasa alikuwa Mbeyu wa siku zote, alieleza kwamba moyo ni kama pampu ya kisima cha pale chini: ukisukuma, damu yapanda, na kuna vilango vya kuizuia isirudi. Mvulana mmoja akabisha kwamba pampu ya kisima ina mpini na moyo hauna, basi nani anausukuma? Walibishana hapo kwa muda mrefu. Hakuna aliyemtazama mgeni tena.

Daktari aliuliza maswali yake mwenyewe, ambayo hayakuwa katika mtihani. Kilango kikiharibika itakuwaje? Mbeyu alifikiri. "Damu itarudi nyuma, na mtu atachoka kama aliyebeba maji." Daktari aliandika hilo daftarini.

Alipotoka nje alimpa Mwalimu mkono, akaushikilia. Barua aliichana garini, kabla hatujafika barabara ya lami. Nilisikia karatasi ikipasuka nikashukuru Mungu kimoyomoyo.

Halafu akasema, "Ni nzuri sana ile. Lakini siyo tuliyokuja kuipima."

"Kwani tulikuja kupima nini?" Mutiso aliuliza, macho barabarani.

Daktari alieleza. Utafiti ulikuwa wa mtoto mmoja na tableti moja. Shule ya Juu ilikuwa imefanya jambo jingine, kwa hivyo haiwezi kuhesabiwa, itatolewa. Alisema kwa huzuni, na mimi naamini huzuni yake. Lakini vifaa hufuata shule zinazohesabiwa, na shule iliyotolewa hurudisha. Barua ya pili, iliyopelekwa shuleni, haikuwa na neno udanganyifu. Ilikuwa na maneno ya heshima tupu, na sanduku lilitakiwa Ukunda kabla ya mwisho wa mwezi.

Nilitumwa mimi kulichukua. Ripoti ya mradi ilikuwa imekwisha kuandikwa, kurasa nyingi, na Mutiso alinisomea sehemu zake. Shule yangu haimo, hata kwa kutajwa kwamba ilitolewa. Nilipofika, Mwalimu Mwanamisi hakunilaumu, na hilo liliniumiza zaidi. Aliniletea chai. Akaniambia jina lake limetoka. Ameajiriwa, na amepelekwa shule nyingine, karibu na Lunga Lunga, ataanza muhula ujao.

"Na huko tableti zipo, mwanangu," alisema. "Zimefungiwa kabatini. Mwenye ufunguo amehamishwa."

Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Kilikuwa kicheko cha watu waliochoka.

Nilianza kuzihesabu na kuzitia sandukuni. Mbeyu akaja akasimama mlangoni. "Dada Mishi, ile ya mapafu hatujaimaliza. Tulifika nusu."

Nje Mutiso alipiga honi. Nikatoka nikamwambia azime gari. Hakuuliza. Watoto walipanga madawati, sufuria siku hiyo ilikuwa tupu, na tukaimaliza ya mapafu tangu mwanzo, pamoja na mabishano yake, hadi jua likapita vichwani na tableti ya nne ikazimika katikati ya neno. Wakamalizia wenyewe bila video.

Nilikuwa na fomu moja mfukoni. Haikuwa na mtu wa kuisoma, mradi ulikuwa umekwisha. Nikahesabu vichwa, safu kwa safu, na katika kile kisanduku nikaandika thelathini na wanane. Kisha nikajaza mistari yote mitatu, na ilipoisha nikageuza karatasi nikaendelea nyuma.

Nyinyi mnaoanza Diani, nasikia fomu zenu sasa ziko ndani ya simu. Sijui kama ndani yake kuna mahali pa sufuria. Niandikieni mnieleze. Shule gani mmepelekwa, watoto wamekaaje, na ni kitu gani mmekiona ambacho hamkupata pa kukiandika. Mpeni barua dereva yeyote wa gari la Jego, aseme ni ya Mishi wa mradi, itanifika. Nitasoma yote, na nitajibu, ingawa itachukua muda.